Mazoezi ya Mwili na Afya ya Metaboli baada ya Upandikizaji wa Figo: Mazingira ya Mchikichini, Dar es Salaam

Upandikizaji wa figo ulifanyika kwa mara ya kwanza nchini Tanzania mwezi Novemba 2017, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Mwaka uliofuata huduma hiyo ilianza pia katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje ya nchi, hasa India. Figo hutolewa na ndugu aliye hai; hivyo, ikishindwa kufanya kazi, mgonjwa hurudi kwenye usafishaji damu, na si rahisi kwa ukoo kupata mchangiaji wa pili. Makala haya yanafafanua nafasi ya mazoezi katika kuilinda figo hiyo, kwa kuzingatia maisha ya kata ya Mchikichini, wilayani Ilala.

Metaboli ni namna mwili unavyotumia sukari, mafuta na protini. Baada ya upandikizaji, metaboli huathiriwa na dawa zilezile zinazouzuia mwili kuikataa figo. Prednisoloni huongeza hamu ya kula, hudhoofisha misuli na kuufanya mwili usiitikie insulini ipasavyo. Takrolimusi hupunguza uwezo wa kongosho kutoa insulini. Aidha, mgonjwa aliyekuwa amezuiwa vyakula vingi wakati wa usafishaji damu hupata uhuru wa kula. Matokeo yake ni kuongezeka uzito, kupanda kwa lehemu na, kwa baadhi ya wagonjwa, kisukari kipya. Hali hizo huharibu mishipa ya damu, na maradhi ya moyo na mishipa ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya waliopandikizwa figo.

Msuli unapofanya kazi, huchukua sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini isipotosha. Huo ndio msingi wa kisayansi wa mazoezi. Hata hivyo, manufaa yake yana mipaka. Utafiti wa Patricia Painter na wenzake, uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2002, ulionesha kuwa mazoezi ya nyumbani yaliongeza stamina na nguvu za misuli, lakini hayakubadili uwiano wa mafuta na misuli mwilini. Kwa hiyo mazoezi hayachukui nafasi ya mpangilio wa chakula, dawa wala upimaji wa sukari, huambatana navyo.

Katika soko la mitumba la Mchikichini, dhana iliyozoeleka ni kwamba anayehangaika sokoni kutwa hahitaji mazoezi. Dhana hiyo inahitaji kuchunguzwa. Mfanyabiashara huketi kwa saa nyingi mbele ya meza yake, kisha huinua robota zito kwa ghafla. Kuketi huko hakuupi moyo kazi ya kutosha, na kuinua huko huku pumzi imebanwa hupandisha shinikizo la damu. Katika wiki za mwanzo baada ya upasuaji, mizigo mizito huweza pia kuudhuru mshono.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Kwa idhini ya daktari, mgonjwa wa Mchikichini anaweza kuanza na dakika 10 za kutembea kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza, na kuongeza kidogokidogo. Alfajiri, kabla ya jua kali na msongamano wa Kariakoo, ni wakati unaofaa. Kuinuka na kuketi kitini mara kadhaa huimarisha misuli ya mapaja bila gharama yoyote. Maji ya kunywa ni muhimu, kwa kuwa upungufu wake huidhuru figo. Michezo ya kugongana iepukwe, maana figo mpya huwekwa chini ya tumbo, pasipo kinga ya mbavu.

Kwa jumla, kliniki inayomhudumia aliyepandikizwa figo haina budi kumuuliza anavyoketi, anavyotembea na anavyobeba mizigo kazini, kama inavyomuuliza kuhusu dawa zake.