Nyuzi za Dagoretti, Joto la Mabati

Makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa yako Dagoretti Corner, kando ya Barabara ya Ngong. Katika kituo cha kupimia hali ya hewa kama cha hapo, vipimajoto hukaa ndani ya kisanduku cheupe cha mbao kilichoinuliwa juu ya nyasi, mbali na kuta na lami. Nyuzi zinazosomwa hapo ni miongoni mwa zile zinazoieleza Nairobi kwa ulimwengu. Sasa shika Barabara ya Naivasha, pita Riruta Satellite ukielekea Kawangware. Ni mwendo wa miguu tu. Kabla hujafika stegi ya 56, nyasi zimekwisha na umeingia katika jiji jingine lenye joto lake.

Jambo hili limepimwa. Msimu wa joto wa 2015/2016, watafiti walitundika vipimajoto Kibera na katika mitaa mingine ya mabanda Nairobi, kisha wakalinganisha walichopata na rekodi za Dagoretti. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la PLOS ONE: mara kwa mara mitaa hiyo ilikuwa na joto linalozidi la Dagoretti kwa nyuzi kadhaa za Selsiasi. Yaani mtangazaji anaposema Nairobi leo ni nyuzi 28, mtoto aliyelala kwenye chumba cha mabati yuko kwenye thelathini na kitu, wala hakuna anayeandika popote.

Simlaumu mpima joto wa Dagoretti. Kanuni ya kimataifa inamtaka apime juu ya nyasi, kivulini, ili nyuzi za leo zilinganishwe na za mwaka 1960 bila ghorofa jirani kuvuruga hesabu. Kwa kazi hiyo kisanduku kile ni bora kabisa, na kwa vituo vya namna hiyo tunajua Kenya imepata joto kwa takriban nyuzi moja tangu miaka ya 1960. Tatizo linakuja pale tunapochukua nyuzi hiyo moja tukadhani imegawiwa sawa kwa kila mtu.

Chumba cha kawaida cha ploti Kawangware ni futi kumi kwa kumi. Bati ni jembamba, halina chochote cha kulitenganisha na aliye chini yake, na likishika kutu hunyonya jua zaidi. Mwezi Machi jua la Nairobi hupita karibu utosini. Dirisha ni moja, mara nyingi limefungwa kwa kuogopa wezi, kwa hiyo upepo hauna pa kupitia. Jioni jiko la makaa linawashwa humo humo. Halafu ikifika Julai bati lile lile linageuka adui wa upande wa pili: usiku linapoa haraka, alfajiri linatoa jasho na matone yanadondokea blanketi. Uchunguzi wa vifo uliofanywa Korogocho na Viwandani, mitaa ya mabanda iliyofuatiliwa kwa miaka mingi na kituo cha utafiti cha APHRC, ulionyesha kwamba vifo huongezeka joto linapopanda na pia baridi inapozidi. Nyumba mbovu haimkingi mtu na lolote kati ya hayo.

Na ile nyuzi moja iliyoongezeka Kenya inatoka wapi? Wakazi wa Riruta wanaijua sayansi yake hata kama hawajaisoma. Usiku wa Januari usio na wingu huleta asubuhi ya baridi, ijapokuwa mchana ulichoma. Usiku wenye mawingu huwa na uvuguvugu. Ardhi hupokea jua mchana na kulirudisha angani usiku kama joto, na mawingu hulizuia lisipotee lote. Gesi ya kaboni dioksidi hufanya kazi ya namna hiyo, ila yenyewe haionekani na haipeperuki kesho yake. Sehemu yake hubaki angani kwa karne nyingi. Svante Arrhenius wa Uswidi alipiga hesabu hiyo mwaka 1896, mwaka ambao reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa. Nairobi haikuwa imezaliwa, na tayari kulikuwa na karatasi inayosema kwamba kaboni dioksidi ikiongezeka angani dunia ingepata joto.

Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa, chembe 280 hivi zilikuwa kaboni dioksidi. Leo zimepita 420. Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, lilitangaza kwamba mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyorekodiwa, takriban nyuzi 1.55 juu ya wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900. Mkataba wa Paris wa 2015 ulitaka dunia ijitahidi isipite 1.5. Mwaka mmoja hauuvunji mkataba, kwa kuwa kinachohesabiwa ni wastani wa miaka mingi, lakini mwelekeo unaonekana.

Kenya inachangia chini ya asilimia 0.1 ya kaboni dioksidi inayotolewa duniani kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Umeme wetu, kwa sehemu kubwa, unatoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa, na upepo wa Turkana. Mkenya wa kawaida hutoa chini ya nusu tani ya kaboni dioksidi kwa mwaka, Mmarekani karibu tani 14. Ndiyo maana huwa sina subira na hotuba za kumwambia mama mboga wa Satellite kwamba yeye ndiye ataiokoa dunia kwa kupanda mti. Apande, mti una kivuli. Ila deni hili si lake.

Hata hivyo tusijifanye malaika. Jalala la Dandora, lililofunguliwa katikati ya miaka ya 1970, linaendelea kupokea takataka ingawa lilitangazwa kujaa zaidi ya miaka 20 iliyopita, na uozo wake hutoa methani, gesi inayonasa joto kwa nguvu kuliko kaboni dioksidi. Makaa yanayouzwa kwa debe Kawangware huchomwa kwa matanuri ya udongo yanayopoteza sehemu kubwa ya mti. Na sera zetu hazijamsaidia sikuzote anayetaka kuachana na makaa. Julai 2021 serikali iliweka kodi ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia, ikaishusha hadi 8 mwaka uliofuata, ikaiondoa 2023. Huwezi kumhubiria mtu habari za misitu huku umempandishia bei ya mtungi.

Tuje kwenye mvua, ambako mambo yanachanganya hata wataalamu. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika. Mifugo iliisha Marsabit na Wajir, na ukame huo, pamoja na vita vya Ukraine, ukaingia hadi kwenye kibanda cha Kawangware: pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200 mwaka 2022. Mara mvua ikarudi. Vuli ya 2023 ilikuja na El Niño, ikisaidiwa na maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yaliyopata joto kuliko kawaida, na masika ya 2024 yakaua karibu watu 300 nchini. Ukame na gharika, na vyote tunaambiwa ni tabianchi. Mtu ana haki ya kuuliza, kwani ni kipi hasa?

Jibu ni kwamba hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila nyuzi moja. Isiponyesha, hewa hiyo hunyonya udongo na mimea mpaka vikakauka. Ikinyesha, inamwaga kwa mpigo. Kundi la wanasayansi la World Weather Attribution lilipima kila tukio peke yake. Ukame ule, kwa jinsi ulivyokausha ardhi, uliongezewa na joto la dunia uwezekano wa kutokea mara 100 au zaidi. Mvua za mwisho wa 2023 ziliongezwa ukali hadi mara mbili. Lakini masika ya 2024, yale yaliyobomoa nyumba Mathare na kuzamisha Mukuru, yaliongezewa takriban asilimia 5 tu.

Asilimia tano. Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Ikiwa tabianchi iliongeza mvua kidogo kiasi hicho, maafa yale yaliletwa na nini? Na mitaro iliyoziba, na nyumba zilizoruhusiwa kukaribia mto, na jiji lililomwaga zege kila mahali pasipo na njia ya maji. Mto Motoine unapita upande wa Dagoretti na Msitu wa Ngong kabla ya kuingia Kibera, na maji yake huishia Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953. Zamani watu waliendesha mashua za tanga humo. Leo limejaa tope, taka na magugu maji, na mvua kubwa ikija hakuna linachoweza kuzuia. Wakazi wa Silanga na Lindi, huko Kibera, hawahitaji mwanasayansi wa kuwaeleza.

Mei 2024 serikali iliamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mitoni waondoke, tingatinga zikaingia, na kila familia ikaahidiwa shilingi 10,000. Kwa kodi ya Nairobi hizo ni za miezi michache, na wengi hawakuwa na pa kwenda isipokuwa banda jingine, pengine kwenye ukingo mwingine. Kusema "ni mabadiliko ya tabianchi" kumekuwa rahisi mno midomoni mwa viongozi. Ni kweli inayotumiwa kuficha kweli nyingine.

Turudi kwenye bati, kwa kuwa huko kuna linalowezekana. Kibera ardhi kwa sehemu kubwa ni ya serikali. Mwenye nyumba hana hati, kwa hiyo hujenga cha muda, udongo na mabati, asije akabomolewa kesho. Kawangware na Riruta ni tofauti. Hapa palikuwa mashamba ya familia za Wakikuyu, na ploti nyingi bado zina wenyewe wenye hati. Wengine wamejenga ghorofa, na ghorofa zimekula mikaratusi na mivokado iliyokuwa kivuli. Wengine wamebaki na safu za mabati na kukusanya kodi kila tarehe tano. Mpangaji hana usemi juu ya paa. Akilipaka rangi, anaboresha nyumba ya mtu, na pengine atapandishiwa kodi kwa wema wake.

Dawa yenyewe si ghali. Paa likipakwa rangi nyeupe au chokaa hurudisha jua. Siling bodi, au hata gunia lililonyooshwa chini ya bati, huweka nafasi ya hewa kati ya chuma na kichwa. Tundu la hewa karibu na paa, lenye wavu, hutoa joto bila kumwalika mwizi. Kibera kuna mifano ya watu kutosubiri: vituo vya vyoo vilivyojengwa na shirika la Umande Trust hugeuza kinyesi kuwa gesi ya kupikia, na methani ambayo ingepaa angani inachemsha chai.

Kaunti ya Nairobi ina mpango wa tabianchi wa 2020 hadi 2050. Wawakilishi wa wadi za Riruta, Kawangware, Gatina na Kabiro waupeleke kwenye mabati: waombe vipimajoto vitundikwe ndani ya ploti, si kwenye nyasi pekee, na onyo la joto kali litolewe kwa nyuzi hizo. Nawe mwenye ploti, joto huanza kupanda Januari. Ndoo ya chokaa na fundi wa siku moja ni gharama ndogo kuliko kodi ya chumba kimoja kilichokaa bila mpangaji. Panda juu ya paa lako Desemba hii.