Waya Mwembamba Hauwezi Friji Wala Kiyoyozi

Kaskazi ikishika, simu yangu haipumziki. Huyu kanunua kiyoyozi Kisauni, yule friji ya kuuzia maji baridi Likoni, na swali lao ni moja: nikichomeka kwenye soketi hii, itashika? Mimi nilisomea stima hadi diploma, na jawabu langu huwa swali vilevile. Nyuma ya hiyo soketi mna waya gani, nao unatoka wapi? Wengi hawajui. Na miaka hii Ramadhani imeangukia kaskazini huko huko, jioni kila nyumba ina friji, blenda na jiko vikivuta kwa pamoja.

Mwaka huu nawajibu kwa mfano wa Nairobi, mtaa wa Mukuru kwa Reuben, ambako shemeji yangu ana duka la maziwa na soda. Mtaa wenyewe uko Embakasi Kusini, nyumba za mabati zimebanana karibu na viwanda. Ardhi kubwa ya pale ina hati za watu binafsi, ndiyo maana huduma rasmi zilichelewa. Mwaka 2017 serikali ya kaunti iliitangaza Mukuru, yaani kwa Reuben, kwa Njenga na Viwandani, kuwa eneo maalumu la kupangwa upya. Lakini mtu hangoji mpango ndipo awashe taa. Stima iliyoenea huko ni ile wanayoiita sambaza: mmoja anavuta waya, anawagawia majirani, na kila mmoja analipa kiasi kilekile kwa mwezi. Asiyelipa kwa yuniti hana sababu ya kuzima koili yake, kwa hiyo koili zinapika na kupasha joto kutwa. Siwalaumu. Julai ya Nairobi si mchezo, na mkaa ni ghali.

Friji ya shemeji ilikuwa imeungua kompresa, ya pili hiyo, naye akimshuku muuzaji. Nilipima soketi saa moja jioni, watu wakipika: volti 190 badala ya 240.

Tufanye hesabu, msomaji, ni fupi. Chukua waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, ule wa taa, uliovutwa mita 60. Kwenda na kurudi ni mita 120, na ukinzani wake ni omu 1.45 hivi. Nyumba kumi zikivuta ampea 30 kwa pamoja, volti 43 zinapotelea njiani. Tena hazipotei bure, zinageuka joto: wati 1,300 hivi. Maana yake waya wenyewe umekuwa koili, umelala juu ya mapaa. Joto hujikusanya zaidi pale palipoungwa kwa kusokota na kufungwa nailoni, na moto mara nyingi huanzia hapo.

Kompresa nayo ina tabia yake. Wakati wa kuanza kuzunguka huvuta mara tano au zaidi ya ampea zake za kawaida, kwa nukta chache. Volti zikiwa chini, inashindwa kuanza, inabaki ikinguruma huku inavuta vile vingi, mpaka inaungua. Shemeji alikuwa ameshauriwa anunue stebilaiza. Stebilaiza hupandisha volti, sawa, lakini ili ipandishe huvuta ampea zaidi kutoka kwa waya uleule mwembamba, na majirani wanazidi kupungukiwa.

Lililonitia hofu zaidi ni mabati. Waya ukisuguliwa na ncha ya bati mpaka plastiki ikakatika, ukuta mzima unakuwa na stima, na mtoto anaugusa akitoka kuoga. Friji isiyo na waya wa ardhi ni vivyo hivyo, hatari yake iko mlangoni, pale mteja anapoweka mkono. Kuna swichi ya usalama inayokata stima ikivuja miliampea 30 tu, kabla moyo haujadhurika. Ukiwa na pesa za kitu kimoja tu cha ziada, nunua hiyo, lakini usiifanye badala ya waya wa ardhi.

Sasa turudi kwetu, maana Mukuru iko pia nyuma ya kuta nzuri za Mombasa. Nimeona kiyoyozi kimeungwa kwenye ekstensheni pamoja na televisheni na friji. Kiyoyozi cha BTU 12,000 huvuta ampea tano hivi kikishatulia. Kipe laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa 2.5, breka ya ampea 16 au 20 ya aina C inayostahimili ule mvuto wa mwanzo, na swichi ya kuzimia karibu na mashine ili fundi asishike kitu kilicho hai.

Yale makasha makubwa yanayopoza na kupasha joto pamoja, ya hoteli na ofisi, ni jambo jingine. Hita ya ndani ya wati 5,000 pekee ni ampea 21, na hizo si za nukta chache, ni za saa nzima. Hapo waya ni wa milimita 6 na breka ya 32, ilimradi kibandiko cha mashine hakitaki zaidi. Kisome kibandiko kabla ya kununua waya, kimeandikwa ampea na ukubwa wa breka.

Breka ikiruka mara kwa mara usikubali fundi akuwekee kubwa zaidi. Breka inaulinda waya, na waya haukuongezeka unene. Mwambie pia akuonyeshe leseni yake ya EPRA. Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka. Asiyekuwa nayo utamjua, ataanza kukueleza amefanya kazi hii miaka mingapi.

Na baada ya mwezi mmoja mwite arudi, azime stima kuu, akaze skrubu za breka na za soketi ya kiyoyozi. Hulegea kwa kupata joto na kupoa.