Kijana Aendaye Dar es Salaam Akae Mtaa Gani?

Kila mwaka, korosho zikishauzwa mnadani na fedha zikishapokelewa, vijana wengi wa Masasi na Newala hufunga mizigo yao kwenda Dar es Salaam. Wengine wanakwenda kutafuta kazi, wengine wamekwisha kuipata: huyu ni dereva, yule fundi seremala, mwingine mlinzi au mwuguzi. Wazazi huwapa nauli na chakula cha njiani, tena huwapa maneno mengi ya busara juu ya marafiki na pombe. Lakini swali moja husahauliwa: atakaa wapi? Husemwa tu, “Atafikia kwa mjomba wake, mengine atayaona hukohuko.”

Swali hilo si dogo. Mtaa anaokaa mtu ndio unaoamua ataamka saa ngapi, atabakiza kiasi gani cha mshahara, na nani atamletea uji siku akiugua. Yafaa tulizungumze nyumbani, kabla basi halijaondoka.

Mji si mmoja

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Dar es Salaam. Hao ni zaidi ya mara tatu ya watu wa mkoa mzima wa Mtwara. Jiji lina wilaya tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Basi, kusema “Nimepata kazi Dar es Salaam” ni kama kusema “Nimepata shamba kusini.” Bado hujasema ni wapi.

Zamani mfanyakazi hakuulizwa anapenda kukaa wapi. Wajerumani, na Waingereza baada yao, waliugawa mji mafungu matatu: Uzunguni penye bustani na upepo wa bahari, Uhindini penye maduka, na Uswahilini kwa watu wengine wote. Kariakoo yenyewe ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, cha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Siku hizi hakuna sheria ya namna hiyo. Mtu huchagua mwenyewe, lakini mfuko wake na barabara aipitayo ndiyo humwekea mipaka.

Kwa nini wengi hukaa Mbagala

Wenzetu wengi wa kusini wamekaa upande wa Temeke: Mtoni, Mbagala, na vitongoji vya kando ya Barabara ya Kilwa. Sababu yake si ya kutafuta mbali, maana ndiyo barabara ituletayo mjini. Kabla ya mwaka 2003 msafiri alivuka mto Rufiji kwa kivuko, na wakati wa masika aliweza kukwama njiani. Mwaka huo lilifunguliwa daraja lililopewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Njia ikawa nyepesi, na watu wakaongezeka. Basi litokalo kusini huingia jijini kwa upande wa Mbagala, na mgeni hushuka palipo na ndugu zake. Hapo atasikia Kimakonde, Kimakua na Kiyao, naye hatajiona yatima.

Jambo hilo ni jema, wala si la kuonea haya. Lakini mtaa wa ndugu si lazima uwe mtaa wa kazi. Ikiwa kazi yako ni bandarini, au katika viwanda vya Chang’ombe, au kwa maseremala wa Keko, basi Temeke na Mbagala panakufaa. Ikiwa kazi ni Mwenge, Mikocheni au Tegeta, utavuka jiji kila siku asubuhi na jioni. Njia ya mabasi ya mwendokasi, ambayo ilianza kutumika mwaka 2016 kutoka Kimara kwenda mjini, imejengwa pia hadi Mbagala. Hata hivyo basi la haraka halifiki mlangoni pa kila kazi.

Tupige hesabu

Wengi hutafuta chumba cha kodi ndogo, wakidhani wameokoa fedha. Tuseme kijana wa Kitangari amepata kazi Mikocheni. Huku Mbagala ameona chumba cha shilingi 40,000 kwa mwezi, na kule Mwananyamala kingine cha shilingi 70,000. Tuseme tena kwamba nauli ya kila gari ni shilingi 600, na kwamba anakwenda kazini siku 26 kwa mwezi. Hesabu hii ni ya mfano tu, maana kodi na nauli hubadilika.

Akikaa Mbagala atapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Hiyo ni shilingi 2,400 kwa siku, yaani 62,400 kwa mwezi. Ongeza kodi, zinakuwa 102,400. Akikaa Mwananyamala atapanda gari moja kwenda na moja kurudi: shilingi 1,200 kwa siku, 31,200 kwa mwezi. Ongeza kodi, zinakuwa 101,200. Kile chumba kilichoitwa rahisi ndicho ghali! Tena hatujahesabu saa anazosimama ndani ya gari, wala usingizi anaokosa kwa kuamka saa kumi alfajiri. Mtu achokaye hivyo kila siku hawezi kudumu katika kazi yake.

Kufikia kwa mjomba

Je, asifikie kwa ndugu? La, afikie. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita kwa mara moja, na wengine ya mwaka mzima. Dalali naye hutaka chake, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja. Kile chumba cha shilingi 70,000 kitadai 420,000 za kodi na 70,000 za dalali, jumla 490,000, kabla mtu hajanunua hata ndoo. Ni wachache wafikao na fedha hizo mkononi.

Lakini wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mjomba wa mjini huenda ana vyumba viwili na watoto watano. Basi yafaa mambo yapangwe mapema, kwa simu, mzee kwa mzee: mgeni atakaa miezi mingapi, atatoa nini cha chakula, na atalala wapi. Kijana akijua kwamba ana miezi mitatu au minne, ataweka akiba ya kodi tangu mshahara wa kwanza. Asipojua, fedha zitakwenda kwenye simu mpya na viatu, na undugu utaingia ufa. Wazazi nao, wakipata fedha za korosho, watenge kidogo kwa ajili ya kodi hiyo. Itamsaidia kijana kuliko godoro na redio.

Maji, bonde na alama ya X

Mtu wa Newala hahitaji kufundishwa thamani ya ndoo ya maji. Uwanda wetu wa juu umetufundisha. Basi asisahau elimu hiyo afikapo mjini. Aulize: maji ya bomba yapo? Hutoka siku ngapi kwa juma? Kama ni ya kisima, ni matamu au ya chumvi? Ndoo huuzwa kiasi gani? Aulize pia wapangaji wangapi hutumia choo kimoja, na umeme wa LUKU huchangwa namna gani, maana magomvi mengi ya nyumba za kupanga huanzia hapo.

Tena aangalie nyumba imesimama wapi. Mwezi Desemba 2011 mafuriko makubwa yaliingia bonde la mto Msimbazi, Jangwani na kwingineko. Watu zaidi ya 40 walikufa, na baadaye familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande. Chumba cha bondeni huwa na kodi ndogo, na hiyo ndiyo sababu yake. Tazama ukutani kama kuna mstari wa tope la zamani. Tazama pia kama nyumba imepigwa alama ya X nyekundu, maana alama hiyo huwekwa kwenye nyumba inayotakiwa kubomolewa. Usimwulize dalali peke yake. Mwulize mama auzaye vitumbua pale pembeni. Yeye hana haja ya kukudanganya.

Na fedha za kodi asipewe dalali njiani. Wako matapeli waonyeshao nyumba zisizo zao. Mlipe mwenye nyumba mwenyewe, mbele ya shahidi, mwandikiane mkataba, na upewe risiti. Ofisi ya serikali ya mtaa ipo; nenda ukaulize kama mtu huyo ndiye mwenye nyumba.

Binti wa kazi za nyumbani

Yuko mmoja asiyechagua mtaa kabisa: binti aitwaye kufanya kazi za nyumbani. Huchukuliwa na mtu aliyekuja kijijini, naye hupelekwa asikokujua. Hapo wazazi ndio wachague kwa niaba yake. Wasimtoe kabla ya kujua jina la mtaa, jina la mwenye nyumba, na namba ya simu ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kisha wampigie mwenyekiti huyo, wahakikishe. Mwajiri mwema hatakasirika kuulizwa. Akikasirika, binti na abaki nyumbani.

Jirani ndiye ndugu

Mwisho, mtu akishapata chumba, asikae kama mpita njia. Ajitambulishe kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa mtaa, kama vile mgeni ajitambulishavyo kwa wazee kijijini. Achukue barua ya parokia yake, atafute jumuiya ndogo ndogo ya mtaa anaokaa. Ahudhurie msiba wa jirani hata kama hamjui marehemu. Mjini watu hukaa mlango kwa mlango bila kujuana majina, na aliye peke yake huweza kuugua siku tatu bila mtu kugonga mlango.

Basi, mzazi, mtoto wako akikwambia amepata kazi Dar es Salaam, mfurahie, kisha mwulize maneno matano. Kazi iko mtaa gani? Nauli ni kiasi gani kwa mwezi? Maji yapo? Masika nyumba hiyo huingiwa na maji? Na ukiugua usiku, utamwita nani? Akiweza kuyajibu yote matano, mpe baraka na nauli. Kama bado hajui, mpigieni mjomba simu leo, kabla ya kukata tiketi.