Radio Inasikia Lakini Haisemi

Kama dispensari yenu iko mbali na hospitali, na simu haifiki, radio ya kusema na kusikia ni mdomo wa wagonjwa wenu. Mama akishikwa na uchungu usiku, na mtoto amelala vibaya tumboni, radio ndiyo inayoita msaada. Basi, jifunzeni ugonjwa mmoja wa radio.

Dalili yake ni hii. Mnawasikia watu wa hospitali vizuri. Lakini mkibonyeza kipaza sauti ili kusema, taa ya radio inafifia na radio inazimika. Mkiachilia, inawaka tena. Wengi husema, "Betri imekufa." Pengine sivyo. Guseni waya unaotoka kwenye betri. Kama kiungo chake kina joto, ugonjwa uko pale.

Sababu ni nini? Radio ya wati 100 ikisikia tu, inatumia umeme kidogo, kama ampea 1 au 2. Ikisema, inatumia kama ampea 20. Kiungo kilicholegea, au chenye kutu ya kijani, ni kama daraja jembamba: watu 2 wanapita, watu 20 wanasongamana. Kizuizi cha omu 0.1 tu kinapoteza volti 2, na wati 40 zinageuka joto mahali padogo. Plastiki inayeyuka, hata nyumba inaweza kuungua.

Fanyeni hivi:

1. Zimeni radio. Vueni pete na saa. Msilete moto karibu, kwa maana betri hutoa gesi inayolipuka. Ondoeni waya mweusi kwanza, halafu mwekundu.

2. Kateni sehemu yote iliyoungua, mpaka mwone shaba inayong'aa. Plagi iliyoyeyuka tupeni.

3. Tieni kiungo kipya, mkibane sana kwa koleo lake au mkitie lehemu. Kusokota kwa vidole hakutoshi. Waya mpya usiwe mwembamba kuliko wa kwanza.

4. Fyuzi iwe karibu na betri, ya kipimo kile kile. Msiweke msumari mahali pake. Fyuzi ni mlinzi, msimwue.

5. Rudisheni mwekundu penye alama +, kisha mweusi penye –. Mkikosea, radio inaweza kuharibika.

6. Mmoja aseme, mwingine apime volti kwenye betri na kwenye radio. Zikipungua zaidi ya nusu volti njiani, tafuteni tena.

Mtu akiungua, mwagieni maji safi ya baridi dakika 20. Msipake mafuta wala dawa ya meno. Asidi ya betri ikiingia jichoni, osheni mara moja kwa maji mengi, halafu mpelekeni kwa mganga.

Msingoje siku ya mgonjwa. Kila juma semeni na hospitali, kisha guseni kiungo. Kikiwa baridi, ni kizima. Kikiwa na joto, kitengenezeni siku ile ile.