Kulainisha Chuma: Kitenzi Kimoja na Hatari Zake

Makala haya mafupi yanahusu kitenzi kimoja, -lainisha, na namna kinavyoweza kupotosha tafsiri za maandishi ya ufundi yanayokusudiwa Masisi na Walikale. Maandishi hayo hutungwa kwanza kwa Kifaransa, kisha hugeuzwa kwa Kiswahili, lugha inayowakutanisha Wahunde, Wanyanga, Watembo na wasemaji wa Kinyarwanda katika karakana moja. Tuchukue kwa makusudi mfano mgumu: bastola ya chuma cha pua iliyotoka kiwandani ikiwa na kingo zinazokwaruza vidole, na fundi anayetaka kuziondoa.

Mtafsiri mwenye haraka ataandika "lainisha bastola". Agizo hilo lina maana tatu. Ya kwanza ni kuondoa ukwaruzo wa uso wa kitu. Ya pili, ambayo mhunzi ataifikiria mapema, ni kukitia chuma motoni na kukiacha kipoe polepole hadi kipungukiwe ugumu. Ya tatu ni kukifanya kitu kiende kwa wepesi, na hapo ndipo penye hatari: kifyatulio kilichosuguliwa na asiye mjuzi ili "kilainike" huweza kuachia risasi kwa mguso mdogo tu, au bastola ikianguka. Katika wilaya mbili ambazo zimeshuhudia vita vya mara kwa mara tangu mauaji yaliyoanzia soko la Ntoto, Walikale, mwezi wa Machi 1993, kosa la namna hiyo si la kimtindo tu.

Lugha yenyewe haina upungufu. Anayenoa panga husugua chuma juu ya kinoo ili apate makali. Anayeondoa kingo kali husugua vilevile, lakini lengo lake ni kinyume. Wala "punguza makali" haifai, kwani msomaji ataelewa kwamba panga linafanywa butu, au atakumbuka makali ya njaa. Kwa kung'arisha madini tunacho kitenzi -katua, kilichozoeleka kwa vyombo vya shaba, na ambacho wanafunzi wetu wamekisahau mno. -Ng'arisha hutaja matokeo pasipo kutaja kazi iliyofanywa.

Kwa maoni yetu, lililo bora katika maelekezo ni kutaja kifaa: -piga tupa, -piga msasa. Neno msasa lina historia ya kupendeza. Msasa ni mti, ambao wataalamu wa mimea huuita Ficus exasperata, na majani yake makavu yenye kukwaruza yalisugulia mbao na vyombo zamani kabla ya karatasi ya dukani. Jina likahama kutoka jani hadi karatasi, kisha likafika hata kwenye mswada wa kitabu, ambao nao siku hizi hupigwa msasa. Mti huo huota katika nchi nyingi za Afrika ya kitropiki, Kongo ikiwemo.

Istilahi za uhunzi si ngeni kwa eneo hili. Katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga, uliorekodiwa mwaka 1956 na kutolewa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, wajomba wa shujaa ni wahunzi, nao humvika mavazi ya chuma. (Kinyarwanda nacho hutenga gucura, kufua chuma, na gufura, kufua nguo, ilhali Kiswahili sanifu hutumia umbo moja.)

Turudi kwenye bastola. Maelekezo yaliyo salama yangesema hivi: toa risasi zote na uziweke mbali, piga msasa kingo za nje peke yake, usiguse kifyatulio, nyundo wala mdomo wa mtutu. Anza na msasa namba 400, kisha 600, maana namba ikikua chembe huwa ndogo zaidi. Kila mara sugua kwa kukingama na mistari ya msasa uliotangulia hadi ipotee. Mwisho katua kwa kitambaa. Msasa au tupa iliyotumika kwa chuma cha kawaida isitumike hapa. Chuma hiki hulindwa na utando mwembamba unaotokana na kromi, ambayo haipungui asilimia 10.5, chembe za chuma kingine zikibaki juu yake, zitaota kutu.

Limebaki jina la chuma chenyewe. Pua, katika matumizi ya zamani, ni chuma kigumu tu, nacho hushika kutu. Aidha mwanafunzi asiyelijua neno hilo huweza kudhani kinatajwa kiungo cha kunusia. Kwa kuwa neno la Kifaransa inox limechapwa kwenye vijiko na sufuria za nyumbani, tunaonelea tafsiri za Kivu ziandike inoksi, na mara ya kwanza ziongeze: chuma kisichoshika kutu kwa urahisi.