Nembo, Rangi na Maneno

Mara kwa mara mwalimu wa lugha huletewa kijitabu cha wachoraji wa nembo za biashara akitakiwa akitie katika Kiswahili. Humo hukuta jedwali: nyekundu ni nguvu na hatari, buluu ni uaminifu, kijani ni ustawi, manjano ni furaha. Kulitafsiri jedwali hilo ni kazi ya nusu saa. Taabu huanza pale anapojiuliza kama yaliyomo ni kweli kwa msemaji wa Kiswahili, na swali hilo ndilo makala haya yanalokusudia kuligusia.

Yafaa kwanza tuseme kwamba jedwali lenyewe halina msingi imara hata huko lilikotoka. Mnamo 2006 Bottomley na Doyle walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba watu huipima rangi ya nembo pamoja na bidhaa yake: buluu iliafiki zaidi bidhaa za kazi na manufaa, nyekundu ikaafiki zile za starehe na maingiliano ya watu. Basi rangi inakaribia kuwa kama kiambishi, ambacho hakisemi neno mpaka kishikamane na mzizi. Vodacom ilipoacha buluu na kuchukua nyekundu mwaka 2011, Tanzania ikiwamo, ilimkuta mshindani wake Airtel amekwisha kuivaa nyekundu katika soko lile lile. Kama rangi hiyo ingekuwa na maana moja, wote wawili wangekuwa wanasema jambo moja.

Tuje kwenye lugha yetu. Kiswahili kina vivumishi vya rangi vya asili vitatu tu, yaani -eupe, -eusi na -ekundu, navyo huchukua upatanisho wa ngeli: kitambaa cheupe, jiwe jeusi, udongo mwekundu. Rangi nyinginezo twazipata kwa kuazima vitu: kijani kutoka kwa majani, kijivu kutoka kwa jivu, kahawia kutoka kwa kahawa, manjano ambayo ni kiungo cha mchuzi, zambarau ambalo ni tunda. Samawati imetujia na mbingu za Waarabu, na buluu ni ya Waingereza. Berlin na Kay, katika kitabu chao cha 1969, waliiweka nyekundu kuwa ndiyo ifuatayo nyeupe na nyeusi katika lugha zote. Nadharia hiyo imepata wapinzani wengi, lakini mizizi yetu mitatu yakubaliana nayo vizuri.

Matokeo yake ni kwamba -ekundu ina eneo pana. Ng'ombe mwekundu ni yule ambaye Mwingereza angemwita wa kahawia. Na jina la kuazima huja na kitu chake nyuma yake. Asikiaye "kijani kibichi" amesikia ubichi pia: ubichi wa jani lililochumwa sasa hivi, na vile vile wa embe ambalo halijafaa kuliwa. Mchoraji aliyetafuta ustawi amepata na uchanga ndani yake. Huenda mtu akapinga kwamba nembo huonwa, haisomwi. Ni kweli, ila nembo husimuliwa pia. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mgeni anayetafuta wakala mjini huweza kuelekezwa kwa maneno mawili tu, "penye kijani", bila jina la kampuni kutajwa.

Kisa kilicho wazi kupita vyote ni cha chungwa. Katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005, Wakenya walipewa alama mbili: ndizi kwa walioikubali katiba iliyopendekezwa, na chungwa kwa walioikataa. Chungwa lilishinda, na chama kikazaliwa kwa jina lake. Rangi ikaliacha tunda ikahamia kwenye fulana, kofia na mabango. (Wapwani wana haki ya kucheka hapa, kwa kuwa chungwa lao huiva likiwa bado na ganda la kijani.) Kisha mwaka 2008, miezi michache baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Telkom Kenya ilianza kutumia nembo ya Orange ya Ufaransa: mraba wa rangi ile ile, na jina la rangi lenyewe ndani yake kwa herufi nyeupe. Huko Uingereza ilikozaliwa nembo hiyo mwaka 1994, rangi hiyo haikuwa na mwenyewe katika siasa, isipokuwa Ireland ya Kaskazini. Kenya ilikuwa na mwenyewe tayari. Jina halikutafsiriwa, na kwa maoni yangu hiyo ilikuwa busara: "Orange" ikabaki kampuni, "Chungwa" likabaki chama, na lugha ikaitenga mipaka ambayo jicho halikuweza kuitenga. Wafaransa waliondoka mwaka 2016.

Ugumu wa kuitaja rangi umefika hata mahakamani. Tarehe 6 Mei 2003 Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika kesi ya kampuni ya simu ya Libertel iliyotaka kuisajili rangi ya machungwa kuwa alama yake, ilisema kwamba kipande cha rangi juu ya karatasi hakitoshi, kwani huweza kuchujuka. Maelezo ya maneno, au nambari ya mfumo wa rangi unaotambulika kimataifa, yaweza kufaa. Cadbury ilikuwa na nambari ya zambarau yake, 2685C ya Pantone, lakini mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliikatalia. Maelezo yake yalisema kwamba rangi hiyo ingefunika karatasi yote, au ingekuwa ndiyo iliyotawala, na majaji wakaona kwamba "iliyotawala" huacha mlango wazi kwa sura nyingi zisizojulikana. Kesi nzima ikaangukia kwenye neno moja.

Tuchukue kwamba maelezo hayo yangeandikwa kwa Kiswahili. Zambarau lililoiva linakaribia weusi, na urujuani ni neno la wachache. Mtunga istilahi angelazimika kuanzia chini zaidi, kwenye uhusiano wa rangi moja na nyingine, maana nembo aghalabu ni rangi mbili au tatu zinazotegemeana. Hapo hatuna haja ya kwenda mbali. Rangi "hukolea" na "hufifia". Kanga ina "pindo" ukingoni, "mji" katikati, na "jina" lililoandikwa. Nembo nayo ina ukingo, uwanja na maandishi, na wachoraji wa Nairobi bado huvitaja vitu hivyo vitatu kwa Kiingereza.