Mzee Caius Bado Anasubiri

Katika mji wa Balmora, kwenye nyumba ya chumba kimoja, anaishi mzee kifua wazi aitwaye Caius Cosades, jasusi wa dola. Unamfikishia kifurushi ulichotumwa, ukitarajia kazi kubwa. Yeye anakuona bado mchanga. Nenda katafute kibarua, anakwambia, jiunge na chama fulani, ukikomaa urudi. Wachezaji wa gemu ya Morrowind wanalijua agizo hilo kwa moyo, na desturi yao ya kwanza ni kulitii kupita kiasi. Wanakwenda. Wengi hawarudi.

Gemu hii ilitoka mwaka 2002, kazi ya kampuni ya Bethesda ya Marekani. Unaunda mhusika wako kutoka mojawapo ya makabila 10, unashushwa melini ukiwa mfungwa aliyeachiwa huru, na kuanzia hapo kisiwa cha Vvardenfell ni chako. Picha zake zimechakaa. Nyuso za watu ni kama zimechongwa kwa panga. Lakini jamii yake ipo, na wakikutana, kama umeshamaliza au la si jambo la kuulizana. Wanaulizana: safari hii wewe ni nani?

Maana humo ndani mlango mmoja ukifunguka, mwingine unafungwa. Kuna koo kubwa tatu za kujiunga nazo: Redoran wapiganaji, Hlaalu wafanyabiashara, na Telvanni wachawi, wanaoishi kwenye minara ya uyoga ambayo kumfikia bwana mkubwa lazima ujue kupaa, kwa sababu ngazi hakuna. Ukiingia ukoo mmoja, zile mbili hazikupokei tena. Ukizaliwa Khajiit, mtu-paka, viatu utavisikia kwa wenzako. Ukipata ugonjwa wa wanyonya damu ukachelewa kujitibu, watu wengi watakataa hata kuongea nawe. Na ukimuua mtu ambaye unabii unamhitaji, hakuna wa kukushika mkono: yanatokea tu maandishi ya kukuarifu kwamba uzi wa unabii umekatika, uchague kurudi pale ulipohifadhi mchezo au kuendelea kuishi katika dunia uliyoiharibu mwenyewe. Mimi yalinikuta kwa ajili ya upanga mmoja mzuri. Niliendelea, na mpaka leo naikumbuka safari ile iliyopotea kuliko zile nilizoshinda.

Ndipo ikazuka miiko. Mianya ipo tele: dawa ya kuongeza akili inakuwezesha kupika dawa kali zaidi ya akili, na hiyo nyingine kali zaidi, mpaka namba zinakosa maana. Kila mzoefu anaijua, na wengi wanajinyima. Wengine wanajikataza uchawi wa kusafiri. Wanatembea, au wanapanda silt strider, mdudu mkubwa kama ghorofa anayefanya kazi ya daladala. Wapo wenye mwiko mkali zaidi: mhusika akifa, faili lake linafutwa, basi. Hakuna refa. Nakiri kuwa zamani niliona ni kujitesa bure, hadi nilipotembea. Hakuna mshale wa kukuonyesha njia. Unaambiwa vuka daraja, fuata mto, kata kushoto penye mwamba, na maelekezo mengine yamekosewa. Anayepotea mara mbili tatu hivyo huishia kuijua nchi kama mwenyeji, hata tope lake.

Mgeni akija huja na lalamiko moja: nampiga panya kwa shoka, shoka linapita kama hewa. Wakubwa hawamcheki, au wanamcheka kidogo tu. Wanamfafanulia kwamba kila pigo ni kama kete inayotupwa kisirisiri. Ashike silaha aliyoisomea na asianze vita akiwa amechoka kwa kukimbia. Kisha wanamhimiza acheze mara ya kwanza bila modi, zile nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji. Zipo maelfu, zitamngoja.

Modi iliyo kubwa kuliko zote ni Tamriel Rebuilt. Kwa zaidi ya miaka 20, watu wa kujitolea wanajenga bara la nchi ya Morrowind, lile ambalo gemu yenyewe iliishia kulitaja tu. Halipwi mtu. Anayetaka kujenga hupewa kwanza chumba cha majaribio akipange, wazoefu wakikague, wamrudishie na kasoro zake: taa hii inaelea, meza hii imezama sakafuni. Akifaulu anagawiwa kipande chake, nacho kitakaguliwa na mwingine. Kwa hiyo usiku huu huu kuna mtu mahali fulani, baada ya kazi yake ya mchana, anasogeza kikombe kwenye rafu ya kilabu cha pombe kilichojificha kijiji cha mbali, anakizungusha kidogo mkono wake ukae vizuri, anakitazama, anakirudisha kilipokuwa.